Kulaza Mkono: Lililo Halali na Lililo Hatari

Juma hili sina budi kuanza kwa kukiri kosa langu, maana waliokuwapo wanalijua, na wasiokuwapo wamekwisha kusimuliwa, tena kwa chumvi nyingi.

Jumamosi moja alasiri nilikuwa napita mtaani kwetu Jangwani, upande ule wa jengo la klabu ya Yanga, nikitoka kununua karatasi za ofisi. Nikakuta watu wameizunguka meza. Kumbe ni vijana wa sokoni Kariakoo, wachukuzi na wasukuma mikokoteni, wamemaliza kazi mapema na wanashindana kulaza mkono. Meza yenyewe ilikuwa mlango mkuukuu uliolazwa juu ya kreti za soda. Dau lilikuwa soda mbili za baridi. Nami sikuona ubaya wowote, nikasimama kutazama.

Upande mmoja alikaa pandikizi la mtu, mchukuzi abebaye lumbesa la viazi kama wewe ubebavyo mto wa kulalia. Upande wa pili alikaa fundi viatu, kijana mwembamba ambaye shati lake lingeweza kumwingia mara mbili. Watu walikwisha kumcheka kabla hajaweka kiwiko. Wakashikana viganja, mtu akasema, "Haya!" Na kabla sijaweka furushi langu chini, mkono wa pandikizi ulikuwa umelala juu ya mlango.

Zikaanza kelele. "Ujanja huo! Amempanda vidole! Amemfungua mkono!" Mzee muuza kahawa, ambaye amekaa kwenye kona ile tangu mimi sijazaliwa, akasema, "Mkono uliolala umelala." Hakusikilizwa. Ndipo mmoja akaniona. "Shikamoo, bwana karani. Wewe umesoma chuo cha ualimu, hebu tuamulie. Hii ni halali?"

Basi ndugu zangu, mtu akiitwa msomi mbele ya watu arobaini, akili yake hulewa kidogo. Sikujua lolote juu ya mchezo ule. Lakini nilikunja uso kama hakimu nikasema, "Rudieni. Safari hii nguvu tupu, bila ujanja." Watu wakanipigia makofi.

Wakarudia. Yule mkubwa alikuwa amekwisha kuona haya, naye hakutaka kuaibika mara ya pili. Kwa muda mikono ilisimama katikati, inatetemeka. Kisha akageuza uso upande wa watu, akajipinda kiwiliwili kizima kama asukumaye gari lililokwama matopeni, bega likatangulia, mkono ukabaki nyuma. Tukasikia mlio wa kuni kavu ikivunjwa gotini. Hakupiga kelele. Aliutazama tu mkono wake kama anautazama wa mtu mwingine. Mfupa wa juu, kati ya bega na kiwiko, ulikuwa umekatika. Tukamwita mwenye bajaji, tukamkimbiza hospitali.

Usiku ule sikupata usingizi. Tangu siku hiyo nimewauliza wanaojua mifupa, nimesoma kanuni za vyama vya mchezo huo, nimetazama picha za mashindano ya nchi nyingi. Niliyoyakuta yamenitia aibu zaidi, maana hukumu yangu ilikuwa kichwa chini miguu juu. Kile nilichokikataza kama ujanja ni halali, tena hakimdhuru mtu. Kile nilichokiita nguvu tupu ndicho ambacho waamuzi wa mchezo huo wanafundishwa kukiogopa kuliko vyote.

Msidhani mchezo huu ni wa vijiweni peke yake. Una chama cha dunia, World Armwrestling Federation, kilichoanzishwa mwaka 1977. Mwezi Machi 2024, mataifa ya Afrika yalipokutana Accra kwa Michezo ya Afrika, kulaza mkono kulikuwamo, na wenyeji Ghana walijipatia medali nyingi humo. Mtu aliyewahi kukaa katika vibanda vya video vya hapa mjini ataikumbuka pia sinema ya Sylvester Stallone, Over the Top, iliyotoka mwaka 1987, ile ya dereva wa lori anayegeuza kofia yake nyuma kisha vidole vyake vinapanda kimoja kimoja juu ya mkono wa mpinzani. Mimi niliiona nikiwa mtoto, nikiwa nimetoroka dukani nilikotumwa chumvi. Hata siku ile ya Jangwani, nilipoona fundi viatu akifanya jambo lile lile, sikulitambua.

Tuanze basi na vidole hivyo.

Nenda kwenye mlango wa nyumba yako. Usukume kwa kidole kimoja karibu na kitasa. Utafunguka bila taabu. Sasa usukume karibu na bawaba. Utatumia kiganja kizima na pumzi zitakupanda. Mlango ni ule ule, nguvu zako ni zile zile, ila umekaribia bawaba. Chuoni tulifundishwa kuwa huo ni wenzo. Mkono uliosimama juu ya meza nao ni mlango: kiwiko ni bawaba, ncha za vidole ni mahali pa kitasa. Anayemshika mwenzake chini, karibu na kifundo, anasukuma karibu na bawaba. Anayepanda juu kuelekea vidoleni anasukuma penye kitasa. Tena yule fundi hakusukuma pembeni kwanza. Alivuta kuja kwake, mkono wake ukawa karibu na kifua, wa mwenzake ukanyooka kwenda mbali na mwili. Vidole vya pandikizi vikafunguka, kifundo kikalala nyuma. Na kifundo kikishalala nyuma, nguvu zote za bega na mgongo hazina pa kupitia. Ni kama maji katika bomba la mpira lililokunjwa.

Kwa hiyo unene wa mkono si kila kitu. Kazi ya fundi viatu ni kuvuta uzi mgumu kwa vidole na kukunja kifundo mchana kutwa. Mchukuzi ana mgongo na miguu, lakini mzigo wake huukalisha begani; vidole vyake havikupata shule ile. Marekani yuko mtu aitwaye John Brzenk, aliyesifika miaka mingi kwa kuwalaza watu waliomzidi uzito. Katika mashindano ya Las Vegas mwaka 1986, yale yaliyofungamana na sinema niliyoitaja, alishinda upande wa madereva wa malori akaondoka na lori. Ukimtazama huoni mtu wa kutisha. Unamwona mkono wake tu, namna unavyopanda.

Je, ni halali? Ni halali, ila kuna mpaka, na mpaka wenyewe ni amri ya kuanza. Kabla ya amri, mwamuzi hutaka kuona vifundo vya vidole gumba, hutaka mikono iwe imenyooka na mabega yamekaa sawa mbele ya meza. Mtu akianza kupanda vidole hapo, au kukunja kifundo kwa siri, mwamuzi huwarudisha. Wakishindwa kupatana, yeye mwenyewe huwapangia mshiko kidole kwa kidole. Lakini akisha kusema "anza," kupanda ni ruhusa. Siku ile Jangwani fundi alipanda baada ya "haya". Nililiona kwa macho yangu. Alikuwa ameshinda.

Iko njia ya pili, ambayo mimi naiita ndoana. Badala ya kupanda juu, mtu hukunja kifundo chake kwa ndani, kiganja kinamtazama yeye mwenyewe, anamvuta mwenzake akaribie, kisha wanapambana kwa msuli wa mbele ya mkono. Hii ni njia ya watu wenye nguvu za kweli, nayo ni halali. Aliye na vidole hafifu lakini mkono mnene na aijaribu hii. Njia ya tatu ni kusukuma: bega linakuja nyuma ya kiganja, na mtu anashindilia kwenda chini kwa uzito wa mwili. Nayo ni halali. Lakini hii ya tatu inapakana na balaa, nami nitarudi kwake.

Vijana waliponisikia nachunguza mambo haya, waliniletea maswali mpaka mlangoni pa ofisi, kiasi kwamba mama mmoja aliyekuja kuandikisha ubatizo alidhani kuna mgomo. Mmoja aliuliza juu ya kushuka uvunguni. Huo ni mtindo wa ajabu: mtu akiona analazwa, hushusha mwili wote chini, karibu achuchumae chini ya meza, mkono wake umenyooka, kiwiko bado kiko juu, naye ananing'inia hapo mpaka mwenzake achoke. Wazungu huuita mtindo wa mfalme, ingawa sijapata kuona mfalme aliyekaa hivyo. Mmarekani Michael Todd anajulikana kwao, na watazamaji wengi humzomea. Katika baadhi ya mashindano umekubaliwa maadamu kiwiko hakijatoka mahali pake. Kwingine wameuwekea mipaka. Anayekwenda kushindana aulize kwanza kwenye meza ile. Je, unafaa? Unafaa kwa kuchelewesha. Mkanada Devon Larratt ni hodari wa kila hila, pamoja na hii, na watu wa Kariakoo wanaokwenda Dubai kuchukua bidhaa huenda walisikia habari zake huko mwaka 2022, alipokutana na Levan Saginashvili wa Georgia, mtu mwenye mwili kama kontena. Hila zote hazikumsaidia. Levan alimlaza.

Mwingine aliuliza, je, mtu anaweza kukaza mguu kwenye mguu wa meza? Anaweza, mradi mguu mmoja ubaki sakafuni. Kuinua kiwiko kutoka kwenye mto wake? Hapana, hilo ni kosa, na makosa mawili ni kushindwa. Mkono wa pili kushika ukingo wa mlango, au suruali, au mwenzako? Hapana. Meza ya kweli ina kigingi pembeni, na mkono wa pili hukaa hapo mpaka mwisho. Kuegemeza mkono kidevuni au begani ili upumzike? Kosa. Na kuchomoa mkono makusudi unapoona unalazwa? Huo ndio uhuni wenyewe. Mikono ikiteleza kwa bahati, mwamuzi huifunga pamoja kwa ukanda na kazi huanza upya. Lakini anayeteleza kwa hila huandikiwa kosa. Kijana mmoja aliniambia kwa sauti ya chini kwamba mwenzao hujipaka mafuta ya nazi. Nikamjibu kwamba huyo hahitaji kanuni, anahitaji sabuni. Wa mwisho aliuliza juu ya hirizi. Pete na saa huvuliwa kabla ya kushikana, nayo ivuliwe pamoja navyo.

Sasa nirudi kwenye bega.

Chukua kitambaa kibichi, ukamue. Mkono mmoja unazungusha huku, wa pili unazungusha kule, na kitambaa katikati kinasokotwa. Mfupa wa juu wa mkono unaweza kusokotwa vivyo hivyo. Misuli ya kifua na bega huuzungusha kwa ndani. Ikiwa kiganja chako kinaenda pamoja nao, hakuna tabu. Lakini ikiwa kiganja kimezuiwa, au kinarudishwa nyuma na mpinzani, huku wewe umegeuza kiwiliwili na bega limetangulia, ncha ya juu ya mfupa inakwenda huku na ya chini inakwenda kule. Mfupa ni mgumu ukiukandamiza, ni dhaifu ukiusokota. Hupasuka kwa mzunguko, kama ufa wa muwa uliosokotwa, mara nyingi sehemu ya chini ya mfupa, juu kidogo ya kiwiko. Wala haihitaji mpinzani mwenye nguvu sana. Wengi waliovunjika walivunjwa na misuli yao wenyewe.

Tena hapo hapo nyuma ya mfupa hupita mshipa mkubwa wa fahamu, ule unaoinua kifundo na kunyoosha vidole. Mfupa ukipasuka, mshipa huweza kuvutwa au kubanwa. Mtu anajikuta kiganja kimeinama kama ua lililokosa maji, anakiamuru kiinuke nacho hakisikii. Mara nyingi nguvu hurudi baada ya miezi, lakini miezi hiyo ni mirefu kwa mtu anayeishi kwa mkono wake.

Dalili ya hatari ni rahisi, mtoto anaweza kuiona: ni uso. Mtu anayeutazama mkono wake, kiganja kikiwa mbele ya bega lake, hujipinda pamoja na mkono. Viungo vinakwenda safari moja. Mtu aliyegeuza uso pembeni ameuacha mkono nyuma. Ndiyo sababu waamuzi husimama karibu, na mshindani akiingia katika hali hiyo humpigia kelele arudi, au wanausimamisha mchezo. Na aliyeshikwa pabaya namna hiyo heri aulegeze mkono ulale. Hapotezi ila mzunguko mmoja.

Sasa mnaona nilivyofanya. Nilimnyang'anya mwembamba ushindi wake wa haki, nikamwambia mkubwa atumie nguvu tupu, wala sikujua kwamba nguvu tupu zina mlango wa kuvunjikia. Wala hapakuwa na mwamuzi wa kumwambia, "Tazama mkono wako!" Mwamuzi nilikuwa mimi, nami nilikuwa napokea makofi.

Kuna watakaosema, basi mchezo huu upigwe marufuku mtaani. Mimi sikubaliani nao. Hapa petu jina lenyewe la Kariakoo limetoka kwa wapagazi, wale Carrier Corps wa Waingereza wa vita vya kwanza vya dunia, waliokuwa na kambi hapa baada ya mji kutekwa mwaka 1916. Ni mji wa watu wa mabega na mikono tangu siku hizo. Soko liliungua Julai 2021, na mikokoteni haikulala. Vijana wa kazi hizi watapimana nguvu, upende usipende, na kulazana mikono ni afadhali kuliko kupigana ngumi kwa ajili ya nani aliwahi mzigo. Ila wapimane wakijua. Mlango juu ya kreti si meza. Ukiyumba kidogo tu kiwiko kinateleza na bega linafuata. Tafuteni meza nzito isiyotikisika, wekeni kitambaa kilichokunjwa chini ya kiwiko, na mmoja asimame kama mwamuzi ambaye hana soda katika dau. Anayeanza leo asishindane na aliyezoea kwa nguvu zake zote siku ya kwanza. Misuli hukua upesi, kano na mifupa huja nyuma taratibu. Na mtu akishinda kwa vidole, hesabuni ni ushindi.

Juzi nilikwenda kumtazama mgonjwa nyumbani kwao. Mkono uko kifuani katika kitambaa. Aliniamkia kwa heshima ile ile, nikaona vibaya kuliko kama angenitukana. Nikamwomba radhi. Akasema, "Bwana karani, hukunivunja wewe, niliona haya mwenyewe." Mkewe alikuwa jikoni, sikusikia alichosema, ila sufuria zilisikika. Mumewe alikuwa akibeba mizigo siku sita kwa juma, na sasa habebi hata ndoo. Wachukuzi wenzake wamepanga zamu: kila jioni mmoja hutenga malipo ya mzigo wake wa mwisho na kumpelekea. Hawakuniomba mchango. Nilijiandikisha mwenyewe katika zamu ya Ijumaa.

Nikamwuliza vidole vinaendeleaje. Akavitazama, akakaza meno, na kiganja kikainuka kiasi cha upana wa kidole, kikashuka. "Juma lililopita hakikuinuka kabisa," akasema.

Nilipokuwa narudi nilipita kwa fundi viatu. Alikuwa ameinama juu ya kiatu cha mtu, anavuta uzi. Hakuniambia neno juu ya siku ile, nami nilijua kwa nini. Nikamwita mtoto wa dukani, nikaagiza soda mbili za baridi, nikaziweka mbele yake juu ya boksi la misumari. Akaziangalia, akaniangalia mimi. Kisha akafungua moja, ya pili akaisogeza upande wangu.